Mwongozo kamili wa kuzima sauti ya msimulizi wa filamu kwenye televisheni ya intaneti

Filamu inaanza vizuri, wahusika wanazungumza, kisha wakinyamaza kidogo tu, mtu asiyeonekana anaanza kueleza kinachotendeka: mwanamke anafungua mlango, mzee anatazama dirishani, gari jeusi linasimama kando ya barabara. Wengi hapa Lubumbashi, wakiisikia sauti hiyo kwa mara ya kwanza, hudhani kwamba televisheni imeharibika au kwamba filamu yenyewe ni nakala mbovu, na baadhi yao huibeba hadi kwa fundi na kulipia kazi ambayo mtu yeyote wa nyumbani angeweza kuifanya kwa telekomandi. Televisheni ni nzima. Sauti hiyo ni huduma iliyowekwa kwa makusudi, ambayo kwa Kifaransa huitwa «audiodescription», yaani maelezo ya sauti, na kuizima ni kazi ndogo kwa anayejua inakotoka. Kinachowachosha watu ni kwamba inaweza kutoka mahali kadhaa, na swichi ya mahali pamoja haizimi sauti inayotoka mahali pengine.

Kabla ya kuendelea, naomba jambo moja lizingatiwe na kila msomaji: usikubali kurudisha televisheni katika hali ya kiwandani kwa ajili ya tatizo hili. Ni ushauri unaotolewa haraka mno. Hatua hiyo hufuta akaunti zote, huondoa programu ulizopakua, na baadaye hulazimisha televisheni kupakua upya programu hizo pamoja na masasisho yake, jambo ambalo kwa nyumba inayotegemea mega (data) za simu ni gharama kubwa. Tena mara nyingi haisaidii chochote, kwa sababu chaguo la sauti huhifadhiwa kwenye akaunti yako huko iliko kampuni ya filamu, si ndani ya televisheni. Ukiingia tena kwa akaunti ile ile, msimulizi anaweza kurudi pamoja nayo.

Sauti hii hufikaje nyumbani

Huduma hii ilibuniwa kwa ajili ya watu wasioona au wanaoona kwa shida. Nchini Marekani, mwaka 1981, Margaret Pfanstiehl, ambaye mwenyewe alikuwa na ulemavu wa macho, alianza pamoja na Cody Pfanstiehl kuwasimulia wasioona michezo ya jukwaani katika ukumbi wa Arena Stage, Washington. Ufaransa iliipokea mwaka 1989 kupitia shirika la Valentin Haüy, na Netflix ilianza kuiweka kwenye filamu zake mwaka 2015. Msimulizi hufunzwa kuingia pale tu wahusika wanaponyamaza, na ndiyo maana sauti yake humshtua mtu anayeona: huingia katika ukimya ambao mwongozaji wa filamu aliuacha kwa makusudi.

Kuna njia mbili za kuifikisha sauti hiyo, na anayezielewa atajua mara moja ni wapi pa kubonyeza. Katika matangazo ya antena na setilaiti, msimulizi anaweza kutumwa peke yake, kwenye mkondo mwembamba wa sauti ulio kando ya sauti ya filamu, na kifaa cha nyumbani ndicho kinachozichanganya. Hapo swichi iliyo ndani ya televisheni au dekoda ina nguvu kamili, na wakati mwingine utakuta hata kipimo cha kupandisha au kushusha sauti ya msimulizi peke yake. Katika filamu za intaneti mambo ni tofauti. Kampuni huandaa mikondo kadhaa iliyokwisha kuchanganywa: mmoja wa Kifaransa cha kawaida, mwingine wa Kifaransa chenye msimulizi, mwingine wa Kiingereza, na kadhalika. Televisheni hupokea mkondo mmoja tu, ule uliochaguliwa ndani ya programu, na haina uwezo wa kumtoa humo msimulizi aliyekwisha kuchanganywa na muziki na sauti za wahusika. Kwa hiyo mtu anayehangaika katika mipangilio ya sauti ya televisheni wakati tatizo liko ndani ya Netflix anapoteza muda wake wote.

Hatua ya kwanza: tambua inakotoka

Usiguse mipangilio yoyote mpaka umefanya jaribio hili fupi. Rudi kwenye ukurasa wa mwanzo wa televisheni na usogeze chaguo kutoka programu moja hadi nyingine. Ikiwa sauti inasoma jina la kila unachokigusa, basi huyo si msimulizi wa filamu, bali ni kisoma skrini, na tiba yake ni nyingine kabisa, nitakayoieleza mbele. Ikiwa menyu ziko kimya, fungua filamu katika programu ile yenye tatizo, kisha filamu nyingine katika programu tofauti; dakika mbili au tatu za kila moja zinatosha, hasa sehemu ya mwanzo ambapo kuna muziki na picha bila mazungumzo, kwa maana hapo ndipo msimulizi huongea zaidi. Msimulizi akisikika katika programu moja tu, tatizo liko ndani ya programu hiyo. Akisikika katika programu zote, kuna swichi ya jumla iliyowashwa kwenye kifaa. Akisikika kwenye chaneli za dekoda peke yake, tafuta kwenye dekoda au kwenye mipangilio ya chaneli za televisheni.

Kuna sauti ya aina nyingine isiyohusika na haya yote. Filamu nyingi zinazozunguka mjini kwa flashi zimetafsiriwa kwa Kiswahili na mtu mmoja anayezungumza juu ya sauti za wahusika wote. Huyo haelezi picha tu, bali hutafsiri maneno na mara nyingi huongeza yake mwenyewe. Sauti yake imeungana na ile ya filamu katika mkondo mmoja, na hakuna swichi popote duniani itakayomtoa. Anayetaka filamu hiyo bila yeye hana budi kutafuta nakala nyingine.

Hatua ya pili: ndani ya programu ya filamu

Hapa ndipo tatizo lilipo mara nyingi zaidi, na hapa ndipo ningeshauri aanzie kila mtu ambaye jaribio limemwonyesha kwamba tatizo liko ndani ya programu moja.

Katika Netflix, anzisha filamu au kipindi chenye msimulizi. Kubadilisha sauti ukiwa nje ya filamu hakuaminiki sana; ni vizuri filamu iwe inacheza. Bonyeza kitufe cha OK au kishale cha juu ili mstari wa vidhibiti utokee, kisha nenda kwenye alama inayofanana na kiputo cha maneno, au kwenye maandishi «Audio et sous-titres». Itafunguka orodha yenye safu mbili, moja ya sauti na nyingine ya maandishi ya chini. Katika safu ya sauti utaona kwamba alama ya tiki iko kwenye mstari kama «Français – Audiodescription». Panda au shuka hadi kwenye mstari unaosema «Français» peke yake, au lugha ya asili ya filamu, kisha bonyeza OK. Ikiwa mtandao ni mzito, picha inaweza kusimama kidogo wakati mkondo mpya unapakuliwa. Ngoja, usibonyeze tena na tena, kwa sababu ukifanya hivyo unaweza kurudi ulikotoka bila kujua.

Acha filamu iendelee kwa dakika chache kwenye sauti mpya kabla ya kutoka. Netflix hukumbuka sauti uliyochagua mwisho na kuitumia kwa filamu zinazofuata katika profaili hiyo, yaani sehemu ya kila mtazamaji ndani ya akaunti. Kumbukumbu hiyo hiyo ndiyo iliyokuletea usumbufu: mtoto alibonyeza mstari usio sahihi siku moja, na tangu hapo kila filamu yenye huduma hiyo ikaanza na msimulizi.

Wakati mwingine Kifaransa cha kawaida hakionekani kabisa katika orodha. Hadi mwaka 2025, Netflix haikuonyesha kwenye televisheni lugha zote ilizo nazo, bali chache ilizodhani zinakufaa kulingana na mahali ulipo na lugha ya profaili yako. Televisheni iliyofunguliwa kwa mara ya kwanza na mtu aliyeko Zambia, kwa mfano, inaweza kuwa na profaili ya Kiingereza. Suluhisho ni kuingia kwenye akaunti kwa kutumia kivinjari cha simu, kufungua profaili husika, na katika sehemu ya lugha kuweka Kifaransa kuwa lugha ya filamu na vipindi unavyopendelea. Kisha toka katika profaili hiyo kwenye televisheni na uingie tena.

Katika Prime Video na Disney+ utaratibu ni ule ule kwa sehemu kubwa: filamu ikiwa inacheza, ita vidhibiti, tafuta alama ya sauti na maandishi, na uchague mstari usiotaja maelezo ya sauti. Katika YouTube tatizo ni nadra, lakini baadhi ya video zina mikondo kadhaa ya sauti; utaikuta chini ya alama ya gurudumu la meno, kwenye «Piste audio».

Tofautisha pia safu hizo mbili za orodha. Maandishi yaliyoandikwa «sourds et malentendants», yanayotaja muziki na mlio wa mlango ndani ya mabano, ni ya viziwi, na kuyazima hakutamnyamazisha msimulizi. Nimeona watu wakiyazima mara kwa mara wakishangaa kwa nini sauti inaendelea.

Hatua ya tatu: swichi ya jumla ya kifaa

Ikiwa msimulizi anasikika katika programu zaidi ya moja, ingia kwenye mipangilio ya kifaa chenyewe. Televisheni zilizoko mjini zimetoka sehemu nyingi, na menyu zake zinaweza kuwa za Kifaransa, Kiingereza, Kiarabu au Kiholanzi. Kwa hiyo, badala ya kutegemea maneno, jifunze alama mbili. Ya kwanza ni gurudumu la meno, ambalo ni mipangilio. Ya pili ni umbo la mtu aliyenyoosha mikono ndani ya duara, ambalo ni sehemu ya huduma za watu wenye ulemavu, inayoitwa «Accessibilité» kwa Kifaransa. Mstari wa msimulizi hukaa humo, mara nyingi ukiwa na herufi AD (kifupi cha audiodescription) zenye mawimbi madogo ya sauti pembeni.

Kwenye Samsung, njia ni «Paramètres», kisha «Général» au, katika matoleo mapya, «Général et confidentialité», kisha «Accessibilité». Njia ya mkato ni kushikilia kitufe cha sauti kwa muda kidogo, na orodha ya huduma hizo itajitokeza yenyewe. Kwenye LG, «Accessibilité» hukaa katika mipangilio yote au chini ya «Général», na kushikilia kitufe cha kunyamazisha sauti hufungua orodha hiyo hiyo. Kumbuka, hata hivyo, kwamba swichi ya AD katika televisheni za kampuni hizi mbili inahusu hasa matangazo ya antena, si filamu za intaneti. Izime ikiwa imewashwa, lakini usishangae Netflix ikiendelea kusimulia.

Kwa televisheni na visanduku vinavyotumia Google TV, pita «Paramètres», «Système», «Accessibilité». Katika Android TV ya zamani, sehemu hiyo iko chini ya «Préférences relatives à l'appareil». Kuanzia Android 13, mfumo huu una chaguo la jumla la maelezo ya sauti, ambalo programu zinazokubaliana nalo hulifuata zenyewe, na kwa sababu hiyo msimulizi anaweza kurudi kila unapoanza filamu mpya hata kama umemwondoa ndani ya programu. Apple TV ina tabia kama hiyo: nenda «Réglages», kisha «Accessibilité», na uzime mstari wa maelezo ya sauti kabla ya kuhangaika na programu yoyote.

Sauti ikisoma menyu

Kisoma skrini ni kifaa cha kumwongoza asiyeona anapochagua. Kwenye Android huitwa TalkBack, kwenye Apple ni VoiceOver, kwenye Fire TV ya Amazon ni VoiceView, na Samsung huiita «Guide vocal». Zote huzimwa katika sehemu ile ile ya mtu aliyenyoosha mikono. Kwenye Fire TV, kushikilia kwa pamoja vitufe vya kurudi nyuma na vya menyu kwa sekunde 2 huwasha au kuzima, na kwa hakika hivyo ndivyo huwashwa bila kukusudia, mtu anapoikalia telekomandi.

Chaneli za dekoda

Wanaotazama chaneli za setilaiti za Ufaransa hukutana na herufi ambazo hakuna aliyewaeleza. Katika orodha ya lugha za sauti, badala ya jina kamili, dekoda inaweza kuandika «qad» au «qaa». Ya kwanza ni sauti yenye msimulizi, ya pili ni lugha ya asili ya filamu. Kifaransa cha kawaida huandikwa «fra» au «fre». Katika chaneli za Uingereza, msimulizi huandikwa «nar». Ukiwa kwenye filamu yenye tatizo, fungua orodha ya lugha kwa kitufe kilichoandikwa «Audio», «Lang» au kwa menyu ya chaguo, na uhame kutoka «qad» kwenda «fra».

Baada ya hapo ingia katika mipangilio ya dekoda yenyewe, sehemu ya lugha, uone kama audiodescription imewekwa kuwa chaguo la kwanza. Usipofanya hivyo, utakuwa umerekebisha filamu ya leo tu. Iangalie pia telekomandi: nyingi zina kitufe cha AD, wakati mwingine kimoja pamoja na kile cha maandishi ya chini, kilicho karibu na vitufe vinavyobonyezwa kila siku. Kama sauti ya filamu hushuka kila msimulizi anapoanza na kupanda anapomaliza, hiyo ni dalili nzuri kwamba kifaa chako ndicho kinachochanganya, na kitufe hicho kimoja kinatosha.

Filamu za flashi na diski

Faili moja ya filamu, hasa ya aina ya MKV, inaweza kubeba mikondo mingi ya sauti, na aliyeitengeneza ndiye aliyeamua upi uanze. Filamu ikiwa inacheza, bonyeza kitufe cha chaguo na utafute «Piste audio» au «Langue audio». Jaribu namba moja baada ya nyingine, kwa sababu mara nyingi hazina majina. Televisheni isipokupa chaguo hilo, ifungue faili kwa VLC, programu ya kuchezesha filamu, kwenye kompyuta, au weka VLC kwenye televisheni ya Android. Ikiwa kuna mkondo mmoja tu, msimulizi amekwisha kuunganishwa na filamu, na nakala hiyo haina tiba.

Nyumba yenye mtu anayeihitaji

Ikiwa nyumbani kuna nkambo (babu au bibi) ambaye macho yamepungua, au mtoto asiyeona, basi sauti inayokusumbua wewe ndiyo filamu yake nzima, na kuizima kwa wote si haki. Hakuna sababu ya kuchagua kati yenu. Tengeneza profaili mbili katika Netflix au Prime Video, yake iwe na audiodescription na yako isiwe nayo, kwa kuwa kila profaili hukumbuka sauti yake. Kwa hiyo swichi ya jumla ya kifaa iache ikiwa imezimwa, na chaguo la msimulizi lifanyike ndani ya profaili yake peke yake. Mwoneshe yeye au anayekaa naye jinsi ya kuingia humo, ili asilazimike kumwomba mtu kila jioni.

Msimulizi akirudi

Ukimzima leo na akarudi kesho, angalia kwanza ni profaili gani imefunguka, kwa maana baada ya umeme wa SNEL, shirika la umeme, kukatika na kurudi, programu huweza kuanza upya kwenye ukurasa wa profaili na mtu akaingia katika isiyo yake. Kama profaili ni sahihi, rudi kwenye hatua ya tatu, kwani karibu kila mara kuna swichi ya jumla inayoamuru programu. Kama hiyo nayo imezimwa, toka katika akaunti ndani ya programu hiyo moja, zima televisheni, chomoa waya kwa dakika moja, kisha uingie tena na uchague sauti upya wakati filamu inacheza. Hakikisha kabla ya kutoka kwamba unalijua neno la siri na kwamba namba ya simu au barua pepe ya akaunti bado iko mikononi mwako, kwa sababu akaunti nyingi hapa zilifunguliwa na ndugu aliyeko Ubelgiji au Afrika Kusini, na bila yeye hutaweza kuingia tena.

Ukifika kwa fundi baada ya haya yote, mweleze mambo matatu: ni programu zipi zinasimulia, kama menyu nazo zinasoma, na kama swichi ya mtu aliyenyoosha mikono imezimwa. Akipendekeza kurudisha televisheni katika hali ya kiwandani kabla ya kuuliza hata moja kati ya hayo, chukua televisheni yako na utafute fundi mwingine.